Nusu marathoni ya kwanza, na mchango juu yake: mwongozo kamili kwa anayejiandaa kwenda Moshi

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kesho yake magazeti huandika walioshinda, na ni haki yao. Lakini umati unaojipanga alfajiri pale uwanja wa Ushirika kwa sehemu kubwa si wa wanariadha. Ni walimu, manesi, mafundi, watu wa benki, wastaafu. Miongoni mwao wapo wanaokimbia kwa ajili ya jambo la mtu mwingine: madawati ya shule waliyosoma, bili ya hospitali ya mtoto wa jirani, tanki la maji la zahanati ya kijijini kwao.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo ambaye hajawahi kukimbia kilomita 21, ana kazi na familia, na ameona akitokwa jasho basi limfae na mwingine. Nimeshika nusu marathoni ya Moshi kama mfano. Ukienda Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi au Lewa hatua ni zile zile, hubadilika vilima na joto tu.

Naanza na fedha, viatu vitafuata. Wengi hufanya kinyume: wananunua raba, wanakimbia miezi mitatu, halafu wiki moja kabla ya safari wanakumbuka kuchangisha. Matokeo yake mchango unakuwa wa haraka haraka, hauna mpokeaji anayejulikana, na hata mkimbiaji mwaminifu anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Hatua ya 1: Tafuta jambo moja linaloelezeka kwa sentensi moja

Tazama mbio na safari za mchango zilizodumu. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam imechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na akina mama wanaotibiwa katika hospitali ya CCBRT. Mgodi wa dhahabu wa Geita na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, wamekuwa wakipandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu 2002 ili kupata fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Kenya, Margaret Kenyatta akiwa mke wa rais alikimbia London Marathon Aprili 2014 kwa ajili ya Beyond Zero, kampeni iliyopeleka kliniki zinazotembea katika kaunti 47. Alitumia zaidi ya saa saba, na hakuna aliyeulizia muda wake, kwa sababu kila aliyemtazama alijua anakimbilia nini: mama asife akijifungua.

"Kusaidia jamii" haimwambii mtu kitu. "Madawati 25 ya darasa la tatu" inamwambia. Kwa hiyo kabla hujamwomba mtu hata mia, nenda kwa mwalimu mkuu, na usikilizwe pia na kamati ya shule. Uliza dawati moja fundi anatengeneza kwa bei gani, nani atapokea, na kama kuna mtu mwingine tayari anachangisha jambo hilo hilo. Mara nyingi utakuta wanachohitaji sicho ulichodhani. Umekwenda na wazo la madawati, wao wanalia na choo cha wasichana.

Ikiwa ni matibabu, usipitishe fedha mkononi mwa ndugu wa mgonjwa wala mkononi mwako. Omba hospitali namba ya kumbukumbu ya malipo, bili ilipwe moja kwa moja, risiti ibaki. Na picha ya mtoto akiwa kitandani na mipira puani usiisambaze. Najua inavuta michango. Mtoto huyo atakua, na picha haifutiki kwenye simu za watu.

Jambo lingine ambalo watu hulipuuza: kuchangisha ndani ya ukoo, ofisini au kwenye kundi la marafiki ni tofauti na kuweka bango barabarani au kupita na boksi sokoni. Ukitaka kwenda kwa umma, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa na ya wilaya uulize kuhusu kibali.

Hatua ya 2: Mkimbiaji asiwe mweka hazina

Hili silegezi. Anayekimbia ni mmoja, anayeshika fedha ni mwingine, na wa tatu anaona salio. Fungua laini ya simu au akaunti ya kazi hiyo tu, isichanganyike na vocha na nauli zako. Kama mnaweza kupata akaunti yenye watia saini wawili, bora zaidi.

Ada ya mbio, nauli, malazi na raba toa mfukoni mwako, kisha uwaambie watu hivyo tangu siku ya kwanza. Nimeshaona michango mizuri ikiharibika kwa swali moja tu lililoulizwa kwenye kundi: "Samahani, kwani hoteli nani analipa?" Kama huna uwezo wa kujilipia, tafuta mtu mmoja akudhamini safari, naye ajue anadhamini safari. Usichote kwenye fedha za madawati.

Halafu piga hesabu. Tuseme fundi kasema dawati ni shilingi 80,000, madawati 25 ni 2,000,000. Usiiangalie milioni mbili, igawe. Watu 10 wa 50,000 ni laki tano. Watu 30 wa 20,000 ni laki sita. Watu 60 wa 10,000 ni laki sita nyingine. Zinabaki laki tatu, hizo peleka ofisini au kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaani. Sasa chukua karatasi uandike majina. Ukishindwa kufikisha majina mia, punguza madawati kabla hujatangaza.

Hatua ya 3: Omba kama tunavyochangishana harusi

Hatuna haja ya kuiga utaratibu wa nje, wetu tunao. Kila Mtanzania aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la harusi anajua maana ya kuahidi, kupunguza na kumalizia. Tumia njia hiyo hiyo. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi:

*"Habari za leo ndugu zangu. Mungu akipenda, mwezi wa pili nitakimbia kilomita 21 Moshi. Nachangisha 2,000,000 za madawati 25 ya darasa la tatu, shule niliyosoma. Ada, nauli na malazi najilipia mwenyewe. Fedha anapokea mweka hazina, jina na namba viko hapo chini, mimi sipokei. Mwenye kuguswa aandike jina na ahadi yake. Mwisho wa kumalizia ni tarehe 31 Januari. Hata elfu mbili tunapokea kwa mikono miwili."*

Wakubwa usiwaombe kwa ujumbe wa kundi. Mjomba, shangazi, mwalimu wako wa zamani, hao wapigie au uwatembelee. Mtu mzima aliyesalimiwa vizuri, akaulizwa hali, kisha akaelezwa jambo, mara nyingi huanza kuchangisha wengine bila kutumwa.

Wapo watakaotaka kuchangia kwa kilomita, tuseme elfu moja kwa kila kilomita, yaani 21,000. Ni mtindo mzuri kwa vijana na ofisini. Ila waeleze mapema kwamba ukiishia kilomita ya 15 kwa kuumia, ahadi yote inabaki palepale. Usijiwekee deni la kukimbia na goti bovu ili dawati lisipotee.

Kila wiki tuma taarifa moja, si tano: fedha zilizoingia, zilizobaki, na mazoezi yamefika wapi. Orodha ya majina inatosha. Viwango usivianike hadharani mpaka wenyewe wamekubali. Aliyetoa elfu tatu akiona jina lake chini ya aliyetoa laki atakaa kimya mwakani.

Hatua ya 4: Jipime kabla hujaanza

Nenda kapime presha na sukari. Ukiwa na miaka zaidi ya 40, au umewahi kubanwa kifua, kuzimia, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, mwone daktari na umwambie wazi kuwa unataka kukimbia kilomita 21. Mwenye pumu, kisukari au selimundu asiandae mbio hizi kwa mwongozo wa kusoma peke yake.

Na ukiwa na homa, hukimbii. Usijaribu kuitoa homa kwa jasho. Pima malaria, tibiwa, kisha subiri mwili urudi.

Hatua ya 5: Raba na vingine vidogo

Raba ya mtumba inafaa, iwe ya soko la Karume Dar es Salaam au la Memorial pale Moshi, mradi ujue kuitazama. Ibonyeze soli kwa kidole gumba katikati ya kisigino: ikiwa ngumu kama kigogo, sponji yake imekufa hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaitumia mpaka mwisho. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole refu. Zivae mazoezini angalau mwezi mzima. Raba mpya siku ya mbio ni malengelenge ya hakika.

Soksi za pamba tupu hushika maji na kuchubua, tafuta zilizochanganywa na nailoni. Mafuta ya mgando paka mapajani, kwapani, na wanaume chuchuni pia, maana zaidi ya kilomita 15 fulana iliyolowa inakwaruza mpaka damu. Wanawake wasifanye ubahili katika kununua sidiria ya michezo. Kama bajeti inatosha kitu kimoja kizuri, sidiria itangulie kabla ya raba. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na ajaribu kukikimbilia kwenye jua la saa tatu, si alfajiri tu.

Barabarani kimbia upande unaotazamana na magari. Dar es Salaam mitaa mingi ina vikundi vya joging, vinavyopita na nyimbo zao Jumamosi na Jumapili asubuhi. Jiunge. Hasa kwa mwanamke anayefanya mazoezi kabla ya jua kuchomoza, kundi ni usalama. Na kwa mchangishaji kundi lina faida ya pili: tayari ni watu waliozoea kuchangiana misiba na ugonjwa.

Hatua ya 6: Wiki 16

Mbio zikiwa wiki ya mwisho ya Februari, wiki ya kwanza ya mazoezi ni mwanzoni mwa Novemba.

Kabla ya ratiba, kuna jambo moja ambalo likishika, mengine yatajipa: karibu mazoezi yako yote yawe ya mwendo wa kuongea. Unakimbia na mwenzako, mnapiga soga, unamaliza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukiwa peke yako ongea kwa sauti, majirani watazoea. Mwanzoni mwendo huo utakuwa wa polepole mpaka aibu, mama mwenye ndoo atakupita. Muache apite. Moyo na mishipa midogo ya misuli hujengeka kwa dakika nyingi za wastani, na mifupa na kano huchelewa zaidi kuzoea kuliko pumzi. Ndiyo maana mtu wa wiki ya tano, aliyejiona pumzi imekaa sawa akaamua kukaza kila siku, huishia na maumivu ya ugoko.

Wiki ya 1 hadi ya 4: siku tatu kwa wiki, dakika 30 kila siku. Anza kukimbia dakika mbili, kutembea mbili. Kila wiki ongeza ya kukimbia mpaka ufike kukimbia tano, kutembea moja. Siku moja ya mwisho wa wiki iwe ndefu kidogo: kilomita 4, kisha 5, 6, 7. Kutembea ni sehemu ya zoezi. Wapo wanaomaliza nusu marathoni kwa mtindo huo wa kukimbia na kutembea tangu mwanzo hadi mwisho, nao hupewa medali ile ile.

Wiki ya 5 hadi ya 8: siku nne. Mbio ndefu iwe kilomita 8, 9, 10, kisha ishuke hadi 7. Hizi ni wiki za mvua za vuli, zoezi litalowa. Wiki ya nane, ile ya kilomita 7, inaangukia Krismasi, na imewekwa hapo makusudi. Anayekwenda kula sikukuu uchaggani ana bahati ya pekee: kila njia ya Machame, Kibosho au Marangu ni kilima. Asubuhi kabla ya mbege kuanza kuzunguka panda nusu saa, shuka nusu saa, na zoezi la wiki limekwisha.

Wiki ya 9 hadi ya 14 ndiyo kazi yenyewe. Mbio ndefu ziende 11, 13, 14, zishuke 10, kisha 16 na 18. Siku moja katikati ya wiki tafuta kilima cha dakika mbili au tatu, panda kwa nguvu lakini si mbio za kufukuzwa, shuka ukitembea, rudia mara nne hadi nane. Kwa wa Dar es Salaam hili ni la lazima. Coco Beach na Daraja la Tanzanite ni raha, upepo wa bahari, lakini miguu iliyozoea tambarare itashangaa ikifika kilima cha barabara ya Mweka pale Moshi. Nenda Goba, nenda Kimara, nenda Pugu. Na usipande tu: jizoeze kushuka pia, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo. Misuli ya mbele ya mapaja huchanika zaidi inapozuia mwili ukiteremka kuliko inapousukuma ukipanda.

Wiki ya 15: kilomita 12 na mazoezi mafupi. Wiki ya 16: dakika 20 mara mbili, basi. Utasikia hamu ya kufidia siku ulizokosa. Zoezi la wiki ya mwisho halikuongezei nguvu ya siku ya mbio, linakuachia uchovu tu.

Siku mbili kwa wiki, dakika 15, fanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuchuchumaa, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, kuinuka kwa vidole, kukaza tumbo. Hayana burudani. Ndiyo yanayobakiza magoti.

Ramadhani inastahili neno lake, maana mwaka 2026 iliingia katikati ya Februari, msimu ule ule wa mbio za Moshi. Aliyefunga hukimbia kwa urahisi zaidi saa moja kabla ya kufuturu, mwendo mfupi wa kuongea, akimaliza ana maji na tende mbele yake. Mbio ndefu ziende usiku baada ya futari kushuka. Mbio zikiangukia ndani ya mwezi wenyewe, uamuzi ni wake na Mola wake. Hakuna mchangiaji mwenye haki ya kumhoji.

Hatua ya 7: Chakula, maji, na vidonge vya maumivu

Chakula chetu kinatosha. Wali, ugali, ndizi, viazi na uji vina wanga wote unaouhitaji. Akiba ya wanga mwilini humfikisha mtu kwenye saa moja na nusu au mbili za kukimbia kwa bidii. Wewe utakuwa barabarani saa mbili na nusu au tatu, kwa hiyo lazima ule ukikimbia. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Tende chache au glukosi iliyokorogwa kwenye chupa ndogo hufanya kazi ile ile na bei yake inabebeka. Lakini jaribu kwenye mbio ndefu za Januari kwanza. Tumbo lina ubishi wake, na ubishi huo hutaki kuugundua kilomita ya 13.

Maji: kunywa ukisikia kiu. Ushauri wa zamani wa kunywa kila kituo uwe na kiu au usiwe nayo umeshaumiza watu. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na waliokunywa mno mpaka wakaongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wakimbiaji wa polepole kama wewe na mimi tuna muda mwingi wa kunywa kupita kiasi. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni kidogo, na jasho hutoa sodiamu. Baada ya mbio, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji inarudisha kilichopotea.

Na diklofenaki. Wapo wanaomeza asubuhi ya mbio "ili magoti yasisumbue". Usimeze, wala ibuprofeni. Dawa hizi ukiwa umepungukiwa maji zinaielemea figo, tumbo linaweza kutoka damu, na baya zaidi zinanyamazisha maumivu ambayo yalikuwa yanakuambia simama.

Hatua ya 8: Moshi

Jisajili mapema, nafasi huisha. Namba za kukimbilia hugawiwa Dar es Salaam, Arusha na Moshi siku za kabla ya mbio. Chukua mjini kwako kama inawezekana uepuke foleni ya Moshi. Vyumba hujaa. Mwenye shangazi Majengo au Pasua amshukuru Mungu. Kutoka Dar es Salaam panda basi Alhamisi au Ijumaa asubuhi, usifike Jumamosi usiku na miguu iliyovimba kwa kukaa.

Jumamosi: chakula cha jioni mapema, wali au ndizi, maharage kidogo, nyama choma iachie Jumapili. Namba bandika kwenye fulana kabla ya kulala, pini nne. Jumapili amka saa mbili au tatu kabla ya kuanza: chai, mkate au kiporo cha viazi, choo. Nenda uwanjani na karatasi zako za chooni. Hilo ndilo shauri ambalo watu wamenishukuru zaidi kuliko yote.

Nusu marathoni inatoka uwanjani na kupanda kuelekea Mweka, kisha inageuka kurudi mjini. Kwa hiyo kazi iko mwanzoni, wakati huo huo umati na muziki vinakusukuma uende haraka. Kilomita tatu za mwanzo nenda kwa mwendo ambao unaona haya kuwa nao. Kwenye kilima fupisha hatua, tazama mita kumi mbele, na mahali pakali tembea kwa kasi mikono ikifanya kazi. Utawapita wengi wanaojikokota wakijiita wanakimbia. Kichomi kikikushika, punguza, toa pumzi ndefu mpaka mwisho, minya pale panapouma. Pembeni kuna migomba na kahawa, wenyeji wamesimama mbele ya nyumba zao wanashangilia, na kama hakuna mawingu, ukiinua macho kilele cha Kibo kiko hapo.

Kwenye kugeuka ndipo watu wanapoharibu. Mteremko unapendeza, unajiachia, na baada ya kilomita nne mapaja yanatetemeka na tambarare haijafika. Shuka kwa akiba. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Kilichowatenganisha kilikuwa hatua za mwisho. Bingwa mwenyewe alikuwa na kitu kilichobaki. Wewe bakiza cha kilomita tatu.

Jua la Moshi mwezi wa pili halina utani kuanzia saa tatu. Maji mengine yamwage kichwani na shingoni. Ukihisi baridi katikati ya joto, kizunguzungu, kifua kubana, au umeacha kutoka jasho, simama na uite watu wa huduma ya kwanza.

Hapa lazima nimtaje John Stephen Akhwari, kwa kuwa kila kikundi cha mbio nchini humtumia kuhamasishana. Mexico, Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti, akamaliza marathoni ya Olimpiki akiwa wa mwisho, kitambaa kimefungwa mguuni, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Ni heshima ya taifa na hatutaiacha. Lakini yeye alikuwa mwanariadha wa Olimpiki aliyevaa jezi ya nchi. Wewe Jumatatu una darasa la kufundisha au duka la kufungua, na ahadi za madawati hazitegemei kama umefika mwisho. Goti likigoma, panda gari la wagonjwa.

Hatua ya 9: Miguu, kisha hesabu

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa, kula ndani ya saa moja, vua soksi zilizolowa. Maumivu ya mapaja hufika kileleni siku ya pili, ngazi utazishuka kinyumenyume, ni kawaida. Wiki nzima usikimbie. Kutembea na kuogelea ruksa.

Siku hiyo hiyo tuma picha moja ukiwa na medali, na shukrani. Ripoti kamili itoke ndani ya wiki mbili: kilichoingia, kilicholipwa kwa fundi, risiti, tarehe ya kukabidhi. Siku ya makabidhiano waalike wachangiaji wanaoweza kufika, na hotuba ziwe chache. Watoto wanaosimamishwa juani saa mbili wasikilize wageni hawafaidi chochote.

Ahadi ambazo hazijalipwa zitakuwepo, kama zilivyo kwenye kila harusi. Kumbusha mara moja kwa ujumbe wa faragha, mara ya pili baada ya wiki mbili, halafu nyamaza. Ripoti iandike kiasi kilichoingia, isiandike kilichoahidiwa: kama yamepatikana madawati 22, ni madawati 22. Mwalimu mkuu akishasaini barua ya kupokea na mweka hazina akaituma kwa wote pamoja na salio la sifuri, funga akaunti na uvunje kundi la WhatsApp. Ukichangisha tena mwakani, fungua jipya.